Mama mkwe ameleta mubirizi, na mshono haujakauka

Mzazi wa Kadutu
Jambo wamama. Nilijifungua kwa kupasuliwa wiki iliyopita, mtoto wa kike, nyuzi bado hazijatolewa. Mama mkwe ametoka Walungu na majani ya mubirizi, yale machungu ya dawa, pamoja na chupa ya asali. Anataka kunikanda tumbo kwa maji ya moto ya yale majani, apake asali kwenye mshono, kisha anifunge tumbo kwa kikwembe, kile kitambaa cha kitenge. Munganga wa maternite, hospitali niliyojifungulia, alikataza kuweka kitu chochote. Nikimwambia mama, ananijibu: "Wao wamekukata, sisi ndio tunaponya." Bwana yangu ananyamaza kama hayumo nyumbani. Kuna aliyetumia hizi dawa akapona?

Mama Mapacha, Ibanda
Hongera, na pole. Kikwembe mimi nilifunga, kilinisaidia wakati wa kukohoa na kuinuka kitandani. Lakini kisikazwe mpaka ushindwe kupumua. Asali niliimalizia kwenye chai.

Mkunga mstaafu, Bagira
Binti yangu, mama mkwe wako alikandwa tumbo lisilo na mshono. Wewe umeshonwa tabaka kwa tabaka, na chini kabisa kuna mfuko wa uzazi. Ngozi hufunga kwa kama wiki 2. Ndani ni wiki 6 na zaidi. Kando ya mshono ngozi hufa ganzi, kwa hiyo maji ya moto yanaweza kukuunguza usisikie. Kukandamizwa nako kunaweza kufungua kidonda.

Kwa asali mama hajakosea kabisa. Huzuia vijidudu, na kuna hospitali zinazoitumia kwenye vidonda. Ila hiyo yao imepitishwa kwenye miale ya kuua vijidudu. Ya chupa ya sokoni wengine huichanganya na sukari, tena inaweza kubeba mbegu za botulizimu, vijidudu vya sumu vilivyo hatari kwa mtoto mchanga. Mtoto asirambishwe hata tone mpaka atimize mwaka 1. Nasema hivi kwa sababu nawajua mabibi!

Osha kwa maji safi na sabuni, usisugue, kausha kwa kitambaa safi. Ukiona usaha, harufu, wekundu unaosambaa, mshono unaachana, au homa ya 38, rudi maternite siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mama usimfukuze. Mpe jiko: samaki wadogo wa sambaza, maharage, lengalenga, mapera, ndivyo vinavyojenga nyama mpya. Na bidoni ya maji aishike yeye, maana wewe hupaswi kubeba kitu kizito kuliko mtoto.

Mzazi wa Kadutu
Bwana amesoma jibu lako kwa sauti, mama akisikia. Amenuna kidogo, kisha akauliza: sambaza za kukaanga au za supu?

Mkunga mstaafu, Bagira
Za supu, choo kisiwe kigumu ukaanza kujikaza. Na nyuzi uende kutolewa tarehe waliyokuandikia.