Mrejesho: Kivuko cha korongo shambani, Nachingwea

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nijenge kalavati (maji yapite chini ya njia) au drifti (kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake) kwenye korongo linalokata shamba langu la mikorosho huku Nachingwea. Kiangazi korongo ni kavu, masika hata bodaboda haipiti.

Nimejenga drifti. Mliosema kalavati dogo litaziba mlikuwa sahihi kabisa: mvua kubwa ya kwanza ilishusha magogo na matawi, yote yakapita juu ya zege bila kukwama.

Kabla ya kujenga nilianzia serikali ya kijiji, kisha Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hatua hii msiiruke.

Kazi nzito ilikuwa upande wa chini, maji yanakoangukia. Hapo ndipo yanapochimba hadi zege linabaki linaning'inia. Fundi alishuka mpaka udongo mgumu, akajenga ukuta wa mawe, mbele yake tukapanga mawe makubwa, mengine ya kubebwa na watu wawili. Zege ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na katikati limebonyea ili maji yasikimbilie kingo. Nguzo za pembeni zina alama nyekundu. Maji yakiifikia, havuki mtu, hata mwenye trekta.

Korosho sasa zinatoka kwa guta hadi ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Nimefurahi mno!

Ukingo mmoja umeanza kumomonyoka, nataka kupanda vetiva, nyasi za kushika udongo. Mwenye miche Masasi au Ruangwa anijulishe bei.