Kajikunia mgongo spaiki yangu, mbele za watu!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua: yule kocha wa filimbi anayejiona uwanja karithi kwa babu yake.

Miezi mitatu nachonga soli ya spaiki, kiatu cha pini cha mbio za mita 100. Bamba gumu, limenyanyuka vidoleni, pini saba zote mbele, nyingine nimezisogeza upande wa kidole gumba maana msukumo wa mwisho unatokea hapo. Kisigino hakina kitu, nani anakimbia mia kwa kisigino? Nimelala na rula kitandani hadi mke kahamia kwa watoto.

Leo nampelekea kiatu. Anakigeuza. "Hii spaiki au reki?" Halafu akakipitisha nyuma ya shati AKAJIKUNA. Kafumba na macho!

Sheria inaruhusu pini 11, urefu mwisho mm 9 kwenye tatani, ile njia ya mpira ya kukimbilia. Zangu mm 6. Hata hakupima. Anakuna tu! Mbuzi waliokuwa wanakula majani pembeni waliacha kutafuna.

Kichwa Ngumu: Alikuna kushoto au kulia? Tunataka kuelewa ubunifu wako.

Mama Wawili: Kama inafika katikati ya mgongo niwekee pea moja, namba 39.

Mzee wa Kambi: Mwaka 1968 Puma walitoa kiatu chenye vijipini 68. John Carlos akakimbia mita 200 kwa sekunde 19.7, rekodi ikakataliwa kwa sababu ya hicho kiatu. Wenzako walikataliwa na rekodi mkononi, wewe umekataliwa na muwasho.

Mleta uzi: Chekeni tu. Alifumba macho nawaambia! Na akasema "aaah".

Kichwa Ngumu: Hiyo "aaah" ndiyo oda yenyewe, mkuu. Mpe bei.

Dogo Janja wa Pili: Afadhali wewe kazi uliimaliza. Fundi cherehani wangu kanishonea suruali ya harusi, mguu mmoja suruali, mwingine kaptula.

Mama Wawili: Yule wa karibu na kituo cha daladala? Ana kitenge changu tangu Krismasi!

Bibi Harusi Mstaafu: Cha kwangu mkewe alikivaa kanisani. Nilikaa benchi la nyuma yake, ibada nzima nakiangalia.

Mleta uzi: Wakuu, soli jamani.

Dogo Janja wa Pili: Subiri kwanza mkuu. Bibi Harusi, kilikuwa rangi gani?