MAOA: serotonini imezidi au imepungua?

Swali
Wakuu, kuna jambo linanichanganya. Kimeng'enya cha MAOA huvunja serotonini (kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo), kwa hiyo jeni lake likiharibika serotonini inatakiwa kurundikana. Mbona basi watu wenye ukatili wa ghafla husemwa wana serotonini ndogo?

Jibu 1
Mkuu, madai hayo yanatokana na kupima maji ya uti wa mgongo, na humo hapimwi serotonini yenyewe, inapimwa 5-HIAA, mabaki yake baada ya kuvunjwa. Na kinachovunja ni MAOA hiyohiyo! Kikizimwa, mabaki yanapungua huku serotonini ikifurika. 5-HIAA ikiwa chini, bado hujajua kama utengenezaji umeshuka au uvunjaji umekwama.

Halafu angalia umri. Panya waliozimwa jeni hili (1995) walikuwa na serotonini hadi mara 9 ya kawaida wangali vichanga, na madume wakakua wagomvi. Ramani ya masharubu kwenye gamba la ubongo, yaani mpangilio wa seli zinazopokea hisia za kila sharubu, haikujichora. Walipopewa tangu kuzaliwa dawa ya kuzuia utengenezaji wa serotonini, ikajichora. Tatizo huanza wakati ubongo unajijenga, si siku ya ugomvi.

Kipimo cha 5-HIAA kwenye mkojo usikiamini kwa hili: serotonini nyingi ya mwili iko kwenye utumbo, na hata ndizi hupandisha 5-HIAA.

Jibu 2
Pia tusichanganye jeni lililokufa na jeni zembe, yaani linalofanya kazi kidogo. Kuna familia ya Uholanzi iliyoelezwa na watafiti mwaka 1993, yenye wanaume wakali wa ghafla: jeni lao la MAOA lilikuwa na kosa la herufi moja lililokatisha protini katikati. Walioathirika ni wanaume, kwa kuwa jeni liko kwenye kromosomu X na wao wanayo moja. Hali hiyo ni adimu mno.

Kinachoitwa "jeni la mpiganaji" ni kitu kingine: kipande cha besi (herufi za DNA) 30 kinachojirudia mbele ya jeni. Marudio 3 ni utendaji mdogo, 3.5 na 4, mkubwa. Hapo ndipo maabara hukosea: 3 na 3.5 zinapishana besi chache tu, na kwenye jeli hafifu ya agarosi (inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu) mistari yao huonekana mmoja. Mtu anaangukia kundi la kinyume kabisa.

Muuliza swali
Kwa hiyo mwenye marudio 3 ni hatari?

Jibu 2
Hapana. Karibu theluthi ya wanaume wenye asili ya Ulaya wana toleo la utendaji mdogo. Kwenye utafiti wa Dunedin, New Zealand, unaofuatilia watu tangu kuzaliwa (matokeo ya 2002), kati ya wanaume 442, waliokuwa na toleo hilo na pia waliteswa utotoni walikuwa asilimia 12, lakini walibeba asilimia 44 ya hukumu za makosa ya ukatili. Toleo hilo bila mateso halikuonyesha la maana.