Mjadala: Jaji ayaache maisha yake nje ya mlango wa mahakama?

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita, tulipobishana na wenzangu wawili mpaka chai ikapoa mezani. Tulikuwa tunamzungumzia Sonia Sotomayor, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, Mlatino (mwenye asili ya Amerika ya Kilatini) wa kwanza kuketi pale. Mwenzangu mmoja akasema huyo mama hakustahili kile kiti, maana alishakiri kwa kinywa chake kwamba anahukumu kwa asili yake. Nikamkatalia. Lakini njiani kurudi nyumbani niliona jibu langu lilikuwa na tundu, ndiyo maana nauleta mjadala hapa.

Kwanza aliyoyasema. Mwaka 2001, akiwa jaji wa Mahakama ya Rufaa, alihutubia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kulikuwa na usemi uliokuwa ukinasibishwa na Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza katika Mahakama ya Juu, kwamba babu mwenye busara na bibi mwenye busara watafikia uamuzi uleule. Sotomayor akasema hana hakika na hilo. Akasema anatumaini kuwa mwanamke wa Kilatino mwenye busara, kwa utajiri wa aliyoyapitia, mara nyingi atafikia uamuzi bora kuliko mwanamume Mzungu ambaye hakuishi maisha hayo. Obama alipomteua Mei 2009, maneno hayo yakafukuliwa. Mbele ya maseneta alikiri kwamba yalikuwa madoido ya hotuba yaliyokwenda kombo. Tarehe 6 Agosti akapita kwa kura 68 dhidi ya 31.

Msimamo wangu ni huu. Maisha ya jaji yanaingia naye mahakamani apende asipende, na afadhali anayekiri kuliko anayejidai hana. Ila pale alipopima uamuzi wa mtu mmoja kuwa bora kuliko wa mwingine, aliteleza.

Maisha yenyewe ni yapi? Alizaliwa Bronx, New York, mwaka 1954, wazazi wote wawili kutoka Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Baba alikuwa fundi wa kiwandani, hakujua Kiingereza, na alikuwa mlevi. Mama alikuwa muuguzi. Akiwa na miaka saba, mtoto akakutwa na kisukari kile cha kuishi kwa insulini kila siku. Katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 2013 anasimulia jinsi wazazi walivyogombana nani amdunge sindano, mikono ya baba ikitetemeka. Basi mtoto akavuta kiti hadi kwenye jiko la gesi, akapanda, akajifunza kuwasha moto, kuchemsha bomba la sindano na kujidunga mwenyewe. Baba alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Majengo ya umma waliyoishi leo yana jina lake.

Kazi yake nitaipitia haraka, kwa sababu wanaomwita jaji wa kupewa kiti kwa upendeleo huwa hawaigusi. Princeton alimaliza mwaka 1976 kwa heshima ya juu kabisa, kisha sheria Yale. Miaka mitano alikuwa mwendesha mashtaka Manhattan, akishughulika na mauaji na wizi. Baadaye akawa wakili wa biashara. Ujaji wake wa kwanza aliteuliwa na Bush mkubwa, Rais wa Republican, akaanza mwaka 1992. Mwaka 1995 ni yeye aliyetoa zuio lililomaliza mgomo mrefu wa besiboli. Alipofika Mahakama ya Juu alikuwa na miaka kumi na saba ya ujaji. Na suala la sera za vyuo za kuwapa nafasi wanafunzi wa jamii zilizobaguliwa hakulificha kamwe. Amesema wazi kwamba mlango wa Princeton ulifunguliwa na sera zile.

Sasa niseme langu. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani huku Marekani, mwaka wa tisa huu. Wengi ninaowatafsiria ni ndugu zetu wa Kongo mashariki waliopitia makambini. Kuna kesi moja ya ukimbizi (nimebadilisha vijambo viwili vitatu mhusika asitambulike) ambapo mama mmoja aliulizwa ana watoto wangapi. Akajibu, "Niko na batoto sita." Kwenye fomu yake iliandikwa wanne. Wakili wa serikali akainuka hapo hapo: huyu ameshadanganya, kesi yote haiaminiki.

Mkalimani haruhusiwi kufafanua. Unatafsiri kilichosemwa, unanyamaza. Nilikaa pale mapigo ya moyo nayasikia masikioni, maana nilijua, na kila anayesoma hapa anajua, kwamba kwetu mtoto wa dada yako ni mwanao. Jaji akavua miwani, akamwuliza polepole: wote sita umewazaa wewe? Mama akasema, "Babili ni ba dada yangu, alikufaka. Ni bangu." Jaji akaandika kitu, akamwambia wakili aendelee.

Kesi kama hiyo niliwahi kuiona kwingine kabla ya hapo. Hakuna aliyeuliza. Sitasema ilivyoisha.

Yule jaji aliyeuliza alikuwa mzee wa Kizungu. Sijui alilelewa na nani. Ndiyo maana nasema ulinganisho wa Sotomayor haukuwa sahihi: huwezi kutazama ngozi ya mtu ukajua atauliza nini. Lakini kwamba swali lile lilitoka kwenye maisha yake na siyo kwenye kitabu cha sheria, hilo nina hakika nalo.

Kuna mahali pia maisha ya Sotomayor mwenyewe hayakumsaidia, na wanaompenda huwa wanaparuka. Mji wa New Haven ulifanya mtihani wa kupandisha vyeo zimamoto mwaka 2003. Matokeo yalipoonyesha hakuna Mweusi hata mmoja ambaye angepanda papo hapo, mji ukayatupa. Waliofaulu wakashtaki. Kiongozi wao, Frank Ricci, alikuwa na tatizo la kusoma, herufi zinamchanganya. Alimlipa mtu amrekodie vitabu kwenye kanda, akasikiliza saa nyingi kila siku. Rufaa ilifika mbele ya majaji watatu, Sotomayor akiwemo, na mwaka 2008 wakaimaliza kwa aya moja. Mahakama ya Juu ilitengua Juni 2009, kura tano kwa nne. Mnaweza kubishana kuhusu sheria, sheria kweli ilikuwa ngumu. Ila aya moja! Huyu ni mwanamke aliyefika Princeton insha zake zikirudi na alama mbovu, akanunua vitabu vya sarufi akajifunza upya Kiingereza wakati wa likizo. Kama kuna jaji ambaye angemwona yule zimamoto na kanda zake, ni yeye. Hata kama angemkatalia, alistahili kurasa za kueleza kwa nini.

Sasa upande wa pili, pale maisha yake yalipomsaidia kuona. Mtu mmoja alikuwa akipokea, New York, msaada wa serikali kuu kwa wazee na walemavu wasio na kipato. Mwaka 2013 akahamia Puerto Rico, ambako watu ni raia wa Marekani tangu 1917. Msaada huo haulipwi huko. Serikali ilipogundua amehama, ikakata malipo na kumdai zaidi ya dola 28,000. Aprili 2022 majaji wanane wa Mahakama ya Juu wakasema ni halali, sababu mojawapo ikiwa kwamba wakazi wa kisiwa kwa kawaida hawalipi kodi ya mapato ya serikali kuu. Sotomayor peke yake alipinga. Hoja yake ni rahisi: wanaopokea msaada huo ni maskini kiasi kwamba hata wakiwa New York hawana kodi ya kulipa. Sasa kodi inaingiaje?

---

Nimerudi, wakuu. Nimesoma majibu yote, nashukuru.

Mmoja wenu ameandika kwamba hapo kwenye kisiwa ndipo upendeleo ulipojitokeza, damu nzito kuliko maji. Mkuu, isome hoja yenyewe uiondolee jina la mwandishi. Je, ni ya uongo? Katika kesi hiyohiyo Jaji Neil Gorsuch, ambaye hana damu ya kisiwa hata tone, aliwaunga mkono walio wengi lakini akaandika kwamba hukumu za zamani zinazokitenga kisiwa kile zimejengwa juu ya dharau za rangi na zifutwe.

Dada mwingine ameuliza: jaji wa Kizungu angesema maneno kama yale ya Berkeley, mngemvumilia? Hapana. Na mimi simvumilii yeye kwa sentensi ile, nimeshasema aliteleza.

Wa tatu anasema lugha haina uzito, sheria ni sheria. Hapa nitabisha kwa kazi yangu. Desemba 2009, katika uamuzi wake wa kwanza kuiandikia Mahakama ya Juu, Sotomayor alitumia maneno "mhamiaji asiye na hati", ambayo hayakuwahi kuonekana katika maamuzi ya mahakama ile. Fungueni gazeti lolote la Kiswahili leo: "wahamiaji haramu". Haramu! Neno tunalolitumia kwa nguruwe na riba tunamvika mtu mzima aliyekosa karatasi. Kila nikitafsiri huwa naliona linavyomshukia anayesikiliza, anainamisha kichwa.

Na Septemba 2025 mahakama hiyo iliondoa kwa muda zuio la Los Angeles lililowakataza maofisa wa uhamiaji kusimamisha watu kwa sura zao, lugha yao, mahali walipo au aina ya kazi yao pekee. Jaji Kavanaugh akaeleza kwamba kwa kawaida mtu husimamishwa kwa muda mfupi tu, akithibitisha uhalali wake anaachiwa. Sotomayor akaandika, wenzake wawili wakimuunga mkono, kwamba hatupaswi kuishi katika nchi ambamo serikali inaweza kumkamata yeyote anayefanana na Mlatino, anayesema Kihispania na anayeonekana kufanya kazi ya ujira mdogo.

Nawauliza ninyi mnaoishi huku, mnaoongea Kiswahili kwa simu ndani ya basi mkitoka zamu ya usiku: kati ya hao wawili, nani anajua "muda mfupi" ule una urefu gani?