Naomba ushauri: kahawa ya kupunguza uzito imeanza kunigeuka

Habari zenu wakuu. Nina miezi minne nakunywa kahawa nyeusi bila sukari, vikombe vitatu kwa siku, nikitaka kupunguza uzito. Mwanzoni nilijisikia mwepesi na nguvu za mazoezi zilikuwepo. Sasa mwili umezoea na mzani hausogei.

Ninavyoelewa, kafeini huizuia adenosini, kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka, na huchochea adrenalini, hivyo mwili huchoma nishati zaidi kwa saa chache. Ongezeko lenyewe ni dogo, na kwa mnywaji wa kila siku hupungua. Tena saa 5 hivi baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Hapo ndipo penye shida yangu: kikombe cha saa kumi jioni kinaniacha macho hadi usiku wa manane, asubuhi naamka na njaa kali, natamani vitu vitamu tu.

Kuna aliyepumzika kahawa wiki mbili kisha akarudi? Kichwa kiliuma siku ngapi? Au nibaki na kikombe kimoja cha asubuhi? Naipenda sana, ila usingizi nauhitaji zaidi.