Notisi inatumwa kwenye imeili ya kijana wa steshenari, halafu naambiwa nimeshaipokea!

Wakuu, mnivumilie, leo nimechafukwa.

Nina duka la vifaa vya ujenzi. Nimekwenda ofisi ya kodi kuomba hati ya kutodaiwa ili nihuishe leseni, afisa akanigeuzia kioo cha kompyuta: una deni, makadirio ya nyongeza, yaani kodi waliyonikadiria juu ya ile ya awali. Ya lini? "Tulikutumia kwa imeili, na muda wa kupinga umepita."

Imeili ipi? Ya kijana wa steshenari aliyenijazia fomu mtandaoni wakati nafungua biashara! Nusu ya wenye maduka mtaani kwetu wamesajiliwa kwa imeili hiyohiyo. Kibanda chenyewe kilishafungwa, sasa hivi pale wanauza chipsi.

Tuongee sheria kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, hapa Tanzania, inakupa siku 30 za kuweka pingamizi, zikihesabiwa tangu ulipofikishiwa uamuzi. Pingamizi lenyewe halipokelewi mpaka ulipe theluthi ya kodi uliyokadiriwa, au kile kiasi usichobishania, kipi kikubwa. Kwa mwenye duka, theluthi hiyo ni kukopa au kuuza mzigo kwa hasara. Hata notisi ukikabidhiwa mkononi siku ya kwanza, siku 30 ni za kukimbizana. Sisi zinatuishia kwenye sanduku la mtu mwingine.

Najua unaweza kuomba kuongezewa muda ukiwa ulikuwa nje ya nchi, uliugua, au una sababu nyingine ya msingi. Nikauliza kama imeili isiyo yangu ni sababu ya msingi. Afisa akacheka.

Na hapo ni kodi tu. BRELA ya kusajili biashara ina mfumo wake, NSSF ya hifadhi ya jamii wake, WCF ya fidia kwa wafanyakazi wake, leseni ya halmashauri nayo iko kwenye mfumo wa TAUSI, na kila mmoja una nywila yake. Denmark walizilazimisha kampuni kupokea barua za serikali kidijitali tangu 2013, lakini waliwapa sanduku moja la ofisi zote. Huku muuza misumari azunguke mifumo yote kila asubuhi kuangalia kama kashtakiwa?

Kinachoniuma zaidi, namba yangu ya simu wanayo. Meseji ya kunikumbusha kulipa awamu haijawahi kupotea njia. Ya "umekadiriwa, una siku 30" inashindikana nini?

Kuna aliyewahi kuomba muda kwa hoja hii ya imeili akakubaliwa? Aje atueleze alivyoandika barua. Wa "ajiri mhasibu" mpite tu.