Crown ya kuagiza au Mercedes iliyopo nchini? Nipo Mtwara

Wakuu, nataka gari la kifahari la safari za Mtwara–Dar. Niagize Toyota Crown Athlete 2.5 kutoka Japani, au nichukue Mercedes E-Class W211 namba D iliyopo Dar? Ipi haitanisumbua huku kusini?

Fundi wa Shangani: Kama hiyo W211 ina Airmatic (suspensheni ya mabegi ya hewa badala ya springi), usilipe kabla haijalala imezimwa usiku kucha. Jioni na asubuhi pima kwa futi kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne. Pembe iliyoshuka, begi la hewa linavuja. Kompresa hapo hujaza muda wote mpaka inaungua, na ukibadili kompresa peke yake, mpya nayo itakufa vilevile. Za kabla ya 2006 zina breki za SBC, yaani za kuongozwa kwa umeme. Pampu yake ina kikomo cha matumizi. Kwa Mtwara naikataa.

Mikindani84: Crown, lakini soma karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi inayotoka Japani. R ni gari lililorekebishwa baada ya ajali, S kwenye mchoro wa gari ni kutu. Epuka za Hokkaido: chumvi ya kuyeyushia theluji hula chini, na hewa ya bahari ya huku itamalizia. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kwanza. Likizidi miaka 8 kuna ushuru wa uchakavu.

Fundi wa Shangani: Nyongeza, mkuu. Injini ya hiyo Crown 2.5, 4GR-FSE, hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta. Likitetemeka sailensi (limewashwa bila kukanyaga mafuta), safisha kaboni kwenye vali kabla hujanunua koili za plagi.